Bati la Ngalawa

Hakuna robo dola iliyowahi kunipita. Uliza kijiji chetu cha Asan kizima, uliza hata Piti jirani. Mimi Roki Babauta nikiishika kwa dole gumba tu, macho nimefumba, nakutajia picha iliyo mgongoni. Na nikifumbua nakupa mwaka, kiwanda, na idadi ya ndugu zake waliogongwa pamoja nayo. Kuna watu wamezaliwa na sauti ya kuimba kanisani. Mimi nimezaliwa na dole.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikitamba mchana ule, nimekaa juu ya mashine ya kufulia katika dobi, duka la kufulia la Shangazi Tona, miguu inaning'inia, mashine inatetemeka chini yangu kama gari linalopanda mlima kwa gia isiyo yake. Binamu yangu Isa alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya jirani, anafungua droo ya sarafu wanazolipia wateja.

"Shuka," akasema. "Huo mdomo peke yake una uzito wa mablanketi ya hoteli."

"Nakufundisha bure, nawe unanifukuza."

"Nifundishe umesimama. Mama akikukuta hapo juu atakutia humo ndani na maji ya moto."

Nikashuka. Isa alikuwa mtu pekee kisiwani aliyeweza kumaliza mzaha wangu kabla sijaumaliza mwenyewe. Tulilelewa nyumba moja, tukaogeshwa beseni moja, na kwa kuwa alinizidi mwaka mmoja alijiona ana haki ya kunirithisha nguo na matusi. Alikuwa ameshajiandikisha jeshini, kama nusu ya darasa lake. Angeondoka baada ya Krismasi. Mimi niliitazama Krismasi hiyo kama utazamavyo mvua iliyo ng'ambo ya bahari: unaiona, lakini nguo huanui.

"Haya, mwalimu," akasema, akanirushia robo mbili. "Hizi zina tofauti gani?"

"Kwa macho ya mjinga, hakuna. Lakini hii moja waligonga milioni mia tatu na ushei, hii nyingine milioni mbili. Hii ya kwanza ni senti ishirini na tano mpaka siku ya kiyama. Hii ya pili ni dola kumi na tano."

"Iko wapi hiyo ya dola kumi na tano?"

"Hii ya pili ni ya mfano tu."

Akacheka mpaka akashika mashine. Lakini nilichosema kilikuwa kweli. Tangu nikiwa tumboni serikali ilikuwa ikigonga robo zenye picha za ukumbusho mgongoni, kwanza majimbo, kisha visiwa kama chetu, kisha mbuga na mahali pa kihistoria. Watu walizikusanya kwa mitungi. Baba yangu naye alijaza chupa ya maji, akamwambia mama kuwa ndiyo ada yangu ya chuo. Masikini, hakujua kuwa taifa zima lilikuwa na chupa kama yake. Kitu ambacho kila mtu amekificha si adimu, kimefichwa tu. Ada ile, siku ilipofunguliwa, ilinunua betri ya gari.

Kisha ukaja mwaka ule, 2019, na kiwanda cha West Point kikatoa robo zenye herufi W nyuma ya shingo ya Washington, chini kidogo ya mkia wa nywele zake. Milioni mbili kwa kila picha, basi. Wakazichanganya na sarafu za kawaida, zikaingia madukani na benki bila hodi, na nchi nzima ikaanza kukodoa macho kwenye chenji. Na picha moja ya mwaka huo, sikia haya, ilikuwa ya ghuba yetu wenyewe: wanajeshi wanatua ufuo wa Asan, pale pale tunaporushia tiara siku za Jumapili, na jina la kisiwa chetu, Guam, limeandikwa ukingoni. Robo kama hiyo yenye W! Dola kumi na tano zilinivutia, sikatai. Lakini zaidi nilitaka niwe mtu wa kwanza wa Asan kuikuta Asan.

Isa alikuwa akichambua sarafu za droo huku akinisikiliza kwa sikio moja. Kila alipoona robo yenye jina letu aliitia mfuko wa mbele wa aproni yake. Sikuuliza. Nilijua zinakwenda wapi: kwa Bibi.

Bibi Oliva alikuwa na bati la biskuti za chumvi, lile kubwa la mraba, analoliweka kabatini chini ya sanamu ya Mama Maria. Ndani mlikuwa na robo za Guam za mwaka 2009, zile zenye ngalawa iliyoinua tanga na nguzo ya jiwe ya mababu. Ngalawa tupu, bati zima. Bibi alizianza mwaka ule ule zilipotoka, kwa sababu ya Baba mdogo Manet. Baba mdogo Manet alikwenda Texas na jeshi, akamaliza jeshi, akabaki. Mwanzo alipiga simu kila Jumapili, kisha kila Krismasi, kisha tukawa tunamsikia kwa watu.

"Aliondoka mikono mitupu," Bibi alikuwa akisema. "Hakuwa na kitu cha watu cha kurudisha."

Kwa hiyo kila aliyeondoka nyumbani baada ya Baba mdogo Manet aliazimwa ngalawa moja. Si zawadi, aliazimwa. Bibi aliichagua mwenyewe, akaibana kiganjani mwa msafiri, akamwambia asiitumie hata akifa njaa; na siku atakayorudi, kabla hajala wala hajavua viatu, airudishe batini. Nimewaona wanaume wenye nyota mabegani wakipiga magoti mbele ya kabati lile. Robo ikishuka ikigonga wenzake, Bibi anafumba macho, kisha ndipo anasema, "Haya, kaleni." Humo batini mlikuwa na ngalawa zilizofika hadi vitani Kandahar. Mlikuwa na moja iliyokaa miaka mitatu kwenye soksi huko Korea. Hakuna iliyowahi kushindwa kurudi, ila zile ambazo wenyewe walikuwa bado safarini.

Nami, kwa akili zangu za sekondari, nikamwambia siku moja mbele ya wageni: "Bibi, hizi waligonga milioni arobaini na kitu kila kiwanda. Uziweke miaka mia, zitakuwa senti ishirini na tano zenye vumbi."

Bibi hakuinua uso. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu wa mtoto wa jicho; alikuwa akikuna nazi kwa mazoea. "Na nyinyi watu mmegongwa bilioni ngapi?" akaniuliza. "Mbona nakulisha?"

Wageni walicheka mpaka wali mwekundu ukawapalia. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ndiyo kazi yangu.

Mwindaji wa robo, kama hujui, anahitaji mtaji. Haendi porini, anakwenda benki. Anatoa pesa, anapewa sanduku la vifurushi vya karatasi, robo arobaini kila kimoja. Anavichana nyumbani, anakagua moja moja, anabakiza anachotaka, na zilizobaki anazifunga upya na kuzirudisha. Ila hazirudishi benki ile ile alikozitoa. Huo ni mwiko. Ukizirudisha kule, kesho utauziwa takataka zako mwenyewe. Unachota kisima kimoja, unamwaga kingine.

Mzee Kindo ndiye aliyenifundisha mwiko huo. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na tulikuwa maadui wapendanao. Siku moja alinikuta nje ya duka la mikate, akaniambia kwa mnong'ono wa kusikika barabara nzima kuwa benki ya mji mkuu wetu, Hagåtña, imepokea masanduku mapya kutoka bara, bado yana ubaridi wa meli.

"Mwanangu, mimi nachukua kesho kutwa pensheni ikiingia," akasema. "Wewe kanywe soda. Haya si mambo ya watoto wanaofulia kwa shangazi zao."

"Mzee, kesho kutwa utakuta makaratasi."

"Kwa pesa gani? Kwa chupa ya baba yako?"

Nilikuwa na akiba ya mishahara ya dobi, lakini ilitosha sanduku moja tu, nami nilitaka mawili. Nikafika nyumbani. Bibi alikuwa kanisani kwenye rozari ya marehemu fulani. Bati lilikuwa pale pale chini ya Mama Maria.

Nilikuwa na hoja nzuri sana. Bado ninaikumbuka neno kwa neno, na mpaka leo sijui mtu angeishinda vipi mahakamani. Robo ni robo. Nazitoa humu leo, nakagua za benki, narudisha idadi ile ile kabla ya Jumapili. Bati halitapungua hata senti. Bibi hataki kuzitumia, anataka ziwepo tu, basi zitakuwepo. Mimi, mtu niliyepita kijiji kizima nikihubiri kuwa hakuna robo mbili zilizo sawa, nilijishawishi kwa dakika chache kuwa zote ni sawa.

Nikazifunga kwenye karatasi huku natazama mpira wa kikapu. Ndiyo, natazama mpira. Za nini kuzikagua? Ngalawa za 2009, milioni arobaini na kitu. Dole langu maarufu lilipiga mstari mmoja mmoja bila kugeuza uso wa hata moja. Kumbakumba yote nikaipeleka benki ya jeshini kule juu, kwa sababu ya mwiko, nikapewa noti, nikashuka nazo Hagåtña, nikabeba masanduku mawili ya Mzee Kindo nikiimba.

Nilikagua siku tatu. Vidole vikawa vyeusi, mgongo ukawa na mlio. Nilikutana na nyati, na farasi, na madaraja, na matufaha, na mbuga ambazo sitazifika. Herufi P kwa mamia, herufi D kwa maelfu, alama za viwanda vya kawaida. W hata moja. Nikajaza bati la Bibi kwa robo hizo, nikalinyanyua kulipima: uzito ule ule kabisa. Nikalirudisha chini ya Mama Maria na nikajisikia, nakuambia, mwaminifu.

Wiki iliyofuata Mzee Kindo aliniita kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuwahi kuniita, huwa ananitukana tu nikipita. Alikuwa amekaa kwenye benchi la duka la mikate, kitambaa cheupe kimekunjwa pajani kama kasisi mwenye mkate mtakatifu.

"Kaa," akasema. "Usipumue karibu nayo."

Akafunua. Wanajeshi wadogo walikuwa wakishuka majini, bunduki juu, na jina la kisiwa chetu ukingoni. Akaigeuza kwa ukucha. Nyuma ya shingo ya Washington palikuwa na W, kali, changa, kama jino la mtoto.

Nikainama karibu. "Umeipata sanduku gani?"

"Masanduku si ulinizidi, mwizi mkubwa we! Nikasema sawa, nikapanda benki ya jeshini kuokota makombo. Wakanipa vifurushi vilivyofungwa kwa mkono, vimekunjwa vibaya kama pampasi. Nikachana cha kwanza: ngalawa. Nikachana cha pili: ngalawa. Chote! Nikajisemea, nani mjinga huyu ametunza ngalawa miaka kumi halafu akazipeleka benki? Cha tatu, katikati ya ngalawa, nikaona askari huyu." Akaibusu sarafu kupitia kitambaa. "Asan yenyewe, mwanangu. Pale pale nyuma ya nyumba ya bibi yako."

Mfuko wa mbele wa aproni ya Isa. Robo yoyote yenye jina letu. Yeye hakuangalia herufi, aliangalia jina, nami sikuangalia chochote. Ilipita katika dobi nililokuwa nikikaa juu ya mashine zake, ikapita katika bati nililolifungua kwa mikono yangu, ikapita chini ya dole langu hili nikitazama mpira.

"Na ngalawa?" nikauliza. "Zile ngalawa ziko wapi, Mzee?"

"Za nini? Nimezimwaga benki nyingine asubuhi ile ile. Milioni arobaini na kitu kila kiwanda, si ndivyo unavyotuhubiria?" Akanitazama kwa jicho moja, lingine amelifumba kama yuko kwenye kioo chake. "Mbona umekuwa wa kijivu? Wivu huo. Kanywe soda."

Nikanywa soda. Ndiyo iliyokuwa karibu.

Hasira ya kuikosa ile W ilinikaa siku mbili, nikiri. Nililala nikiwaona askari wale. Lakini siku ya tatu Isa aliingia jikoni akiwa ameshika simu mbali na mwili, kama kitu kinachovuja. Jeshi lilikuwa limepata nafasi mapema, mtu aliyekuwa ashike nafasi hiyo amevunjika mguu. Angeondoka Ijumaa.

"Ijumaa ipi?" Shangazi Tona akauliza.

"Hii, Mama."

Shangazi akaendelea kukunja taulo ileile aliyokwisha kuikunja. Bibi, aliyekuwa kitini kwake, akasema tu, "Alhamisi mchana njooni wote. Nitamtolea ya kwake."

Hapo ndipo W iliponitoka kichwani, na haijawahi kurudi.

Nilidhani ngalawa moja ni kitu rahisi. Milioni themanini na saba ukijumlisha viwanda viwili! Nilichukua vifurushi benki zote tatu nilizoweza kufika, nikavichana ndani ya gari, hadi kiti kikawa kama sakafu ya kinyozi kwa karatasi. Hakuna. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna orodha ya bei inayokuambia: kisiwani kwetu ngalawa hazizunguki, kwa sababu kila nyumba ina bati lake, na kila mtu mwenye kuiona huifungia. Zilikuwa nyingi duniani, na senti ishirini na tano kila moja, na hazikupatikana. Mtandaoni ziliuzwa hata kwa mkupuo, nikaagiza, posta ya kutoka bara ikasema wiki mbili kama hali ya hewa ikiruhusu. Ningeweza kugonga mlango wa jirani yeyote. Lakini Asan ukigonga mlango mmoja saa nne, kufika misa ya jioni padri ameshakusikia, na Bibi hukaa benchi la mbele.

Nikaenda kwa Mzee Kindo. Alikuwa na albamu ya robo zote za ukumbusho, kila moja imebanwa kwenye tundu lake.

"Niuzie ngalawa yako, Mzee. Dola kumi."

"Ya senti ishirini na tano?"

"Dola ishirini."

Akafunga albamu polepole, akaiweka chini ya makalio yake. "Albamu yenye tundu tupu ni mdomo usio na jino la mbele," akasema. "Kila akikutazama mtu, anatazama pale. Siuzi." Kisha, bila mzaha, jambo ambalo lilinitisha kuliko mizaha yake yote: "Roki, umefanya nini?"

Nikamwambia nina haraka.

Ngalawa nilizoagiza zilifika, ndiyo. Zilifika zinang'aa, zimefungwa vizuri. Nilizitia batini zote, ziko humo hadi leo. Watu wanaorudi hurudisha zao, Bibi hufumba macho, husema kaleni, na hakuna anayesikia kitu. Mimi nasikia. Humo mna ngalawa mbili tatu zilizokwisha kuvuka dunia, zinaangukia juu ya kundi ambalo halijawahi kwenda popote. Zile za Kandahar, ile ya soksi ya Korea, ziko katika mashine za soda za Ohio au mikononi mwa mtoto anayenunua chingamu. Hazina alama yoyote. Hakuna dole litakalozijua.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatano mchana nilikuwa peke yangu na bati lenye nyati na farasi, na Bibi aliyeona kwa kidole. Bibi aliijua ngalawa kwa tanga lake: alipitisha gumba, akaona ile pembe ya tanga imesimama, akatosheka. Nikamwaga bati kitandani. Na hapa ujuzi wangu, niliokuwa nimeutembeza kijiji kizima kama jogoo wa mapigano, ukafanya kazi kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Jimbo la Rhode Island, mwaka 2001, jimbo linalojiita kisiwa na jina hilo limeandikwa juu: mashua imeinua tanga, upepo umelijaza, daraja kwa mbali nyuma. Zaidi ya milioni mia nne kila kiwanda, sarafu ya bure kabisa. Nikaifumbia macho, nikaipitishia gumba. Tanga lilikuwa pale, na pembe yake.

Nikaiweka juu kabisa, peke yake, uso chini ili mgongo uwe juu.

Alhamisi walikuja wote. Moshi wa kuku wa kuchoma ulijaa uani, watoto walikimbizana na mbwa, wajomba walisimama karibu na moto wakijifanya wanalinda nyama. Mimi nilikuwa kwenye hali yangu: niliwafanya wacheke mpaka wakasahau kuwa kuna anayeondoka. Nilimwigiza Isa akimpigia saluti sajini kwa mkono wa kushoto. Nilimwigiza sajini akimwomba Isa samahani. Isa alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akafuta macho kwa bega, na sikutaka kujua ni machozi ya aina gani.

Kisha Bibi akapiga mkono wa kiti chake na uani kukanyamaza, hata mbwa.

Shangazi Tona akaleta bati, akaliweka mapajani mwa Bibi. Isa akapiga magoti, akainamia mkono wa Bibi na kuunusa, kama tufanyavyo kwa wakubwa wetu, akabaki ameinama muda mrefu kuliko kawaida. Bibi akafungua kifuniko. Vidole vyake vikaingia, vikaikuta ile ya juu. Gumba likapita mara moja. Likarudi, likapita tena.

Nikajifanya natazama kuku motoni.

"Macho yangu haya," akasema Bibi. "Roki, wewe fundi. Njoo uniangalizie. Ni yenyewe?"

Watu wote walinitazama, wanatabasamu, wanangoja nichekeshe. Isa naye alinitazama kutoka pale chini. Nikasogea, nikainama juu ya kiganja kile chenye mistari kama ramani, nikaangalia kama ninavyoangalia sarafu zote, kwa makini, kwa madaha.

"Ni yenyewe, Bibi," nikasema. "Ngalawa yetu, na tanga lake."

"Basi." Bibi akaibana kiganjani mwa Isa, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja. "Si zawadi hii, mjukuu wangu. Nakuazima. Usiitumie hata ukifa njaa. Mwenye kitu cha watu hurudi."

"Nitairudisha, Bibi."

"Kabla hujala."

"Kabla sijala. Kabla sijavua viatu."

Watu wakapiga makofi, muziki ukarudi, mtu akaita kuwa kuku wanaungua. Isa akasimama. Nilimwona akisogea hatua mbili hadi penye mwanga wa dirisha la jikoni, amenigeuzia mgongo, kichwa ameinamisha kidogo. Miaka yote ile ya droo za mashine, ngalawa zote zile zilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwa Bibi. Akaigeuza sarafu kwenye mwanga. Kisha akaifunga ngumi, akageuka, akarudi kwa Bibi na kumbusu utosini.

"Imenitosha kabisa mkononi, Bibi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni ileile."

Halafu akanijia mimi. Akanikumbatia kama tulivyokumbatiana tangu utotoni, kwa kunibana mbavu hadi nipige kelele, na watu wakacheka wakitazama. Sikupiga kelele. Ngumi yake ilikuwa katikati ya mabega yangu, na niliihisi sarafu ndani yake, ngumu, kupitia shati.

"Roki," akaninong'oneza sikioni, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Hiki ni kisiwa gani?"